Kulangua Wakati wa Janga: Adhabu Zake, Zinavyohesabiwa, na la Kufanya Ukiwa Muuzaji au Mnunuzi

Januari 2020, boksi la barakoa lililokuwa likipatikana mtandaoni kwa yuani 143 lilikuwa likiuzwa kwa yuani 850 katika duka moja la dawa jijini Beijing. Wakaguzi wa soko waliweka bei hizo mbili bega kwa bega, na duka likatozwa faini ya yuani milioni 3.

Kilicholiangusha duka lile si ukubwa wa bei peke yake. Ni kwamba kati ya bei mbili hizo hapakuwa na kitu cha kueleza tofauti. Ukisoma kesi za ulanguzi kutoka nchi mbalimbali utakuta jambo hilo linajirudia: anayeshinda ni yule anayeweza kuonyesha bei ilikuwa ngapi kabla ya janga, na kwa nini ikabadilika. Kwa hiyo mwongozo huu, iwe unauza au unanunua, unazunguka sana kwenye karatasi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kulangua, kwa maana yake ya asili, ni kununua bidhaa kwa wingi ili uziuze kwa bei ya juu mno watu wakishabanwa. Sheria nyingi hugawa tendo hilo mara mbili: kuhodhi, yaani kuficha au kulimbikiza bidhaa kupita mahitaji yako, na kupandisha bei kupita kiasi. Unaweza kutiwa hatiani kwa moja bila jingine. Mwenye duka ambaye hakulimbikiza chochote, ila alibadilisha vibandiko vya bei usiku ule kimbunga kilipotangazwa, hawezi kujitetea kwa kusema "mimi sikuficha mali".

Hatua ya 1: Tafuta tangazo, na saa yake

Sheria nyingi za aina hii hulala mpaka mamlaka itangaze hali ya dharura. Huko California, Marekani, kifungu cha 396 cha sheria ya makosa ya jinai huamka pale rais, gavana, au uongozi wa wilaya au jiji unapotoa tangazo. Kuanzia hapo huhesabiwa siku 30, na muda huo unaweza kuongezwa. Kwa mafundi na makandarasi wanaokarabati nyumba, zuio ni siku 180, kwa sababu inayoeleweka: maji yakishakauka na moto ukishazimika ndipo mwenye nyumba anapoanza kuhangaika kutafuta paa. Florida hutoa siku 60, nazo zinaweza kuongezwa.

Andika mambo matatu: nani katangaza, lini, na kwa eneo lipi. Usitegemee ulichosikia redioni. Tafuta tangazo lenyewe. Mauzo yaliyofanyika asubuhi kabla ya tangazo la alasiri yanaweza kuwa ya aibu, lakini katika sheria inayoanza na tangazo si kosa. Na tangazo lililoongezwa muda kimyakimya limewaponza wafanyabiashara waliodhani mwezi umekwisha na sasa wako huru.

Kuna nchi ambazo hazisubiri tangazo la janga. India ina Sheria ya Bidhaa Muhimu ya mwaka 1955, inayofanya kazi kwa orodha: bidhaa ikishaingizwa humo, serikali inaweza kudhibiti bei yake, akiba yake na usambazaji wake. Machi 2020 barakoa na vitakasa mikono viliongezwa kwenye orodha hiyo hadi mwisho wa Juni. Aliyekuwa akiuza bidhaa ya kawaida Jumatatu, kufikia mwisho wa wiki alikuwa anauza bidhaa ambayo kukiuka amri zake kunaweza kumpeleka gerezani kwa miezi 3 hadi miaka 7.

Hatua ya 2: Jua uko chini ya sheria ya aina gani

Watu wengi hukosea hapa. Wanasoma habari za nchi moja na kudhani kanuni ni ileile kila mahali. Kwa mtazamo wangu, sheria hizi ziko za namna nne.

Ya kwanza ni ya asilimia. California imesema asilimia 10 juu ya bei iliyokuwepo mara tu kabla ya tangazo. Ukizidisha hapo, huna pa kujificha ila kwenye gharama, na tutafika huko. Sheria ya namna hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa muuzaji mwaminifu, maana anajua mstari umechorwa wapi.

Ya pili haina namba. New York, iliyotunga sheria yake mwaka 1979, inazuia bei iliyopita kiasi hata dhamiri haiwezi kuikubali, na mahakama ndiyo hupima. Florida nayo hutazama kama kuna tofauti kubwa mno kati ya bei unayotoza na wastani wa bei ya siku 30 zilizotangulia. Wafanyabiashara hulalamika kuwa sheria kama hizi hazieleweki. Wana hoja. Lakini waliotunga waliogopa kitu kingine: ukiweka asilimia 10, kila mtu atapandisha asilimia 9.

Ya tatu ni bei elekezi. Serikali inataja bei ya mwisho, basi. Ufaransa ilifanya hivyo tarehe 5 Machi 2020 kwa vitakasa mikono: chupa ya mililita 100 isizidi yuro 3. Hapa hakuna mjadala wa bei ya jana; anayezidisha amekosa.

Ya nne ni sheria ya ushindani, ambayo haikuandikwa kwa ajili ya majanga. Uingereza haina sheria maalumu ya ulanguzi wa dharura, hivyo mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ilijaribu kutumia katazo la kutumia vibaya nguvu kubwa ya soko. Ilifungua uchunguzi dhidi ya maduka manne, ya dawa na ya bidhaa za kila siku, kuhusu bei za vitakasa mikono, kisha miezi michache baadaye ikaufunga wote. Kumthibitishia jaji kwamba duka moja la mtaani "limelitawala soko" si kazi nyepesi. Afrika Kusini iliona mtego huo mapema, ikatoa kanuni maalumu tarehe 19 Machi 2020 zilizounganisha sheria ya ushindani na hali ya maafa, na kulifanya ongezeko la bei lisiloendana na gharama kuwa hoja yenyewe. Julai mwaka huohuo Baraza la Ushindani liliutoza mnyororo wa maduka ya dawa wa Dis-Chem randi milioni 1.2 kwa bei za barakoa.

Marekani kwa ujumla wake haina sheria moja ya shirikisho dhidi ya kupandisha bei wakati wa dharura. Kila jimbo lina yake, na mengine hayana kabisa. Kilichotumika ngazi ya taifa mwaka 2020 ni katazo la kuhodhi bidhaa ambazo serikali imezitaja kuwa adimu, chini ya Sheria ya Uzalishaji kwa Ulinzi ya mwaka 1950, lililoamshwa kwa amri ya rais tarehe 23 Machi 2020. Adhabu yake: kifungo kisichozidi mwaka mmoja, faini isiyozidi dola 10,000, au vyote viwili.

Hatua ya 3: Thibitisha bei ya jana

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

"Bei ya jana" si kitu kimoja. Inaweza kuwa bei uliyokuwa ukitoza siku moja kabla ya tangazo, wastani wa siku 30, au bei ya bidhaa kama hiyo kwa wauzaji wengine wa eneo hilo. Soma kifungu chako kinataka ipi, halafu tafuta ushahidi wa hiyo, si wa nyingine.

Kuna bei za kuangaliwa kwa makini. Punguzo la msimu ni mojawapo: kama bidhaa ilikuwa kwenye ofa wiki moja kabla, kuirudisha kwenye bei ya kawaida huonekana kama kupandisha. California inaruhusu kurudi kwenye bei ya kawaida, ila tunza kumbukumbu za ofa hiyo. Bei zinazobadilishwa na programu ya kompyuta ni nyingine, za usafiri na za vyumba vya hoteli hasa. Programu ikipandisha bei yenyewe kwa kuwa wateja wamefurika, kosa linabaki lako. Sijapata kuona jaji anayekubali utetezi wa "kompyuta ndiyo iliyofanya".

Na kama hukuwahi kuuza bidhaa hiyo kabla? Mtu anayenunua jenereta ishirini akaenda kuziuza kando ya barabara hana bei yake ya jana. Kwa muuzaji wa namna hii California haitazami soko bali mfuko wake: alinunua kwa ngapi. Haruhusiwi kuzidisha zaidi ya asilimia 50 juu ya gharama yake. Florida humwongezea kosa jingine anayefanya biashara hiyo bila leseni.

Hatua ya 4: Pima utetezi wa gharama

Karibu kila sheria inakubali kwamba bei ya jumla hupanda, mafuta ya gari hupanda, vibarua hudai zaidi. Haikubali faida inayonenepa kwa sababu ya hofu.

Chukua mfano wa hesabu. Kitu ulikinunua kwa 60, ukakiuza kwa 100. Faida yako ya kawaida ni 40. Baada ya janga msambazaji anakuuzia kwa 80. Ukijumlisha 80 na 40 unapata 120, na kwa kanuni ya California unaweza kufika asilimia 10 juu ya jumla hiyo, yaani 132. Ukiuza kwa 200 ukasema "gharama zimepanda", gharama zitakutetea mpaka 132 tu. Zile 68 zilizobaki ni zako mwenyewe, na huna karatasi ya kuzieleza.

Angalia pia tarehe ya ankara. Mzigo ulionunuliwa kwa bei ya zamani na bado uko ghalani hauwezi kupandishwa kwa kisingizio kwamba mzigo ujao utakuwa ghali. Wafanyabiashara hupenda hoja hii ya "gharama ya kujaza tena", na kiuchumi si ya kijinga. Ila sheria nyingi hutazama uliyolipa, si unayoogopa kulipa. Wapo wachumi wanaosema bei ikiachwa ipande bidhaa zitakimbilia mahali zinapohitajika; mjadala huo ni halali, lakini uupeleke bungeni. Mbele ya mkaguzi hautakuokoa.

Hatua ya 5: Hesabu adhabu inavyojumlishwa

Mtu akisoma "faini ya dola 1,000" hutabasamu. Asome mstari unaofuata: kwa kila kosa. Na kosa, mara nyingi, ni kila mauzo.

Florida: hadi dola 1,000 kwa kila kosa, na kikomo cha dola 25,000 kwa kila saa 24. Ukiwauzia wateja 40 kwa siku, kinadharia ni 40,000, kikomo kinakushusha hadi 25,000. Ukiendelea siku tano, ni dola 125,000. New York: hadi dola 25,000 kwa kila kosa, au mara tatu ya mapato ghafi ya bidhaa husika, ipi iliyo kubwa. Maneno "mapato ghafi" yana uzito, maana si faida. Ni fedha yote uliyopokea. Texas: hadi dola 10,000 kwa kila kosa, na kama aliyeumizwa ana miaka 65 au zaidi, mahakama inaweza kuongeza hadi dola 250,000.

Hizo ni kesi za madai, ambazo serikali hudai faini na marejesho bila kumfunga mtu. California huongeza jinai: kifungo cha hadi mwaka mmoja katika jela ya wilaya, faini ya hadi dola 10,000, au vyote. Baada ya moto wa Los Angeles wa Januari 2025, Mwanasheria Mkuu wa jimbo alituma mamia ya barua za onyo, na baadhi ya madalali wa nyumba wakafunguliwa mashtaka ya jinai kwa kodi zilizopandishwa kwa familia zilizounguliwa. Kodi ya nyumba imo ndani ya kifungu kilekile cha 396, na kumwondoa mpangaji ili umwingize mwingine kwa kodi ya juu ni kosa linalosimama peke yake.

Kuna adhabu ambayo haiandikwi kama faini: kurudisha fedha. Machi 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamuru mnyororo mmoja wa maduka makubwa uwatafute wateja waliouziwa vitakasa mikono kwa bei iliyopandishwa na uwarudishie. Ongeza gharama za wakili, leseni inayoweza kuguswa, na akaunti ya kuuzia mtandaoni inayofungwa bila rufaa ya maana.

Hatua ya 6: Ukiwa mnunuzi, kusanya kabla ya kulalamika

Hasira huwa na kasi kuliko ushahidi. Ukikutana na bei ya kutisha, usianze kugombana na mtu wa kaunta; yeye huenda hana mamlaka hata ya kubadilisha kibandiko.

Piga picha ya bidhaa na bei yake ikionekana pamoja, na chapa na ukubwa wa pakiti usomeke. Ukubwa ni muhimu, kwa kuwa mbinu ya kawaida ni kufungua pakiti kubwa na kuuza vipande kwa jumla inayozidi mno bei ya pakiti. Kama ni mtandaoni, hifadhi picha ya skrini yenye tarehe, jina la muuzaji, bei, na gharama ya usafirishaji. Wajanja huacha bei palepale, wakapandisha usafirishaji au "ada ya huduma". Kama umenunua, dai risiti. Akikataa kukupa, andika hilo pia: tarehe, saa, na maneno aliyotumia.

Kisha tafuta bei ya jana: risiti yako ya zamani, tangazo la duka lile, ukurasa wa mtandao uliohifadhiwa, au bei ya maduka mengine mawili matatu siku hiyohiyo. Hiyo ya mwisho husaidia sana. Kama wote wamepanda kwa kiasi kilekile, huenda tatizo liko juu kwa msambazaji. Kama ni mmoja tu aliyepaa, una kesi.

Lalamiko lenyewe liwe fupi. Taja bidhaa, bei ya kabla, bei ya sasa, mahali, saa, na ambatisha picha. Usiandike "wanatunyonya", andika namba. Ofisi ya kupokea hutofautiana: katika majimbo ya Marekani ni ya Mwanasheria Mkuu, kwingineko ni mamlaka ya ushindani au ya kulinda watumiaji, au idara ya biashara. Omba namba ya kumbukumbu na uitunze. Usikate tamaa wasipokupigia; ofisi hizi husubiri malalamiko kadhaa dhidi ya muuzaji mmoja yajikusanye, na lako la pekee linaweza kuwa ndilo lililokamilisha idadi.

Jambo la kuogopa: usimtangaze muuzaji mitandaoni kuwa mwizi kabla hujajua bei yake ya jana. Kesi ya kashfa nayo ni kesi.

Hatua ya 7: Ukiwa muuzaji

Siku tangazo linapotoka, kabla ya kufungua duka, chapisha au piga picha orodha yako yote ya bei na uitie tarehe. Dakika kumi hizo ndizo ngao yako. Hifadhi ankara za wasambazaji kwa mpangilio wa tarehe. Waambie wafanyakazi kwamba hakuna anayebadilisha bei bila idhini ya maandishi, kwa kuwa kosa la msimamizi wa zamu litaandikwa kwa jina la biashara. Ukitaka kudhibiti wanaonunua kwa pupa, weka kikomo cha idadi kwa kila mteja badala ya kutumia bei.

Msambazaji akipandisha, mwombe aandike. Akikataa kuandika, una sababu ya kumtilia shaka, na katika sehemu nyingi mlolongo mzima unabanwa na sheria, si wa rejareja peke yake.

Na barua ya onyo au wito wa nyaraka ukifika? Usifute chochote. Kuharibu ushahidi kunaweza kugeuza suala la faini kuwa la jela. Rudisha bei chini siku hiyohiyo, hesabu ni wateja wangapi waliotozwa zaidi na kiasi gani, kisha nenda kwa wakili ukiwa na hesabu hiyo mkononi. Kesi nyingi huishia kwenye makubaliano, na anayekuja na orodha ya marejesho tayari husikilizwa tofauti na anayekuja na hadithi.

Machi 2020 ndugu wawili wa Tennessee walijikuta na chupa 17,700 za vitakasa mikono walizokusanya kutoka madukani katika jimbo lao na Kentucky, baada ya soko la mtandaoni kuondoa matangazo yao. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alianza kuwachunguza. Walikubali kukabidhi shehena yote itolewe kwa wenye uhitaji, na mwezi uliofuata wakafikia makubaliano yaliyowaacha bila faini, ila na katazo la kuuza tena bidhaa za dharura kwa bei za kupindukia wakati wa janga lile.